Benchi la Avis Scrimshaw

Lincoln
Alhamisi, 9 Mei 2019

Dada Thelma,

Nimefika Lincoln nikiwa mzima, kwa hiyo utabiri wako kwamba ningepotea kabla ya chakula cha mchana umegonga mwamba. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu huisikii, na ukiisikia unapiga kelele mpaka jirani anajua nimekula nini.

Hii kadi ya basi ya wazee ni neema. Ningejua, ningezeeka mapema. Kinachoudhi ni kungoja mpaka saa tatu na nusu asubuhi ndipo ianze kufanya kazi, maana kabla ya hapo mabasi ni ya wenye ajira. Basi kila kituo ninachofika asubuhi nakuta wazee wenzangu wamejipanga kimya na vikoti vyao vya mvua, kila mmoja anaitazama saa huku akijifanya haitazami. Dereva naye anakaa ndani na mlango wake umefungwa, anatutazama vilevile.

Shida iko kwenye kula. Nimepika shuleni miaka thelathini na moja, nimelisha watoto wa Newark mpaka wakaleta watoto wao, lakini kukaa mahali nikaletewa sahani nikiwa peke yangu sikuwahi. Ukiingia tu unaulizwa, "Uko mwenyewe tu, mama?" kwa sauti ya kumuuliza mgonjwa. Halafu unapewa ile meza ya karibu na choo. Kwenye baa ni balaa zaidi. Unatakiwa utafute meza kwanza, uishike namba kichwani, ndipo uende kaunta kuagiza. Ukiondoka na huna wa kukulindia, ukirudi unakuta meza ina watu sita na mbwa. Siku hizi naacha koti kitini na kuomba Mungu.

Jana baa moja walikuwa wanauza pai mbili kwa bei ya moja. Nikabaki nimeduwaa, pai mbili za nini? Meza ya pili alikuwapo dereva wa lori, naye peke yake, anakodolea macho tangazo lilelile. Nikamwambia, "Kaka, tuagize pamoja?" Akafikiri sana. Akauliza, "Lakini si lazima tukae pamoja?" Nikasema si lazima. Tukaagiza, kila mtu akala mezani kwake, hatukusemeshana tena hata neno. Wakati wa kuondoka alinipa ishara ya kichwa. Thelma, sijala kwa raha namna ile tangu nistaafu.

Kutoka hapa naenda Hull, halafu Bridlington, halafu Filey. Usianze kunigombeza. Ni miaka arobaini na moja tangu nifanye kazi jikoni kwenye ile kambi ya likizo ya Filey, na huyo Lionel Cammish aliyeahidi kuja kunichukua Pasaka halafu asitokee, kama yuko hai atakuwa babu mwenye kitambi. Simfuati yeye. Nafuata chipsi.

Niandikie Hull, anwani nimeibandika kwenye friji.

Mdogo wako,
Avis


Newark
Jumamosi, 11 Mei 2019

Mpendwa Avis,

Nimeisoma barua yako mara mbili na sikufurahi hata mara moja. Kuagiza chakula na dereva wa lori! Mama angekuwapo angejifunika uso kwa aproni.

Mimi sijambo, isipokuwa goti. Paka hali, nadhani anakutafuta. Jirani alinikatia nyasi lakini amekata na maua yako ya ukutani, usimwambie nimekwambia.

Sasa kuhusu Filey. Usiende. Nakwambia kama dada mkubwa. Upepo wa kule unapasua masikio, kilima chake kitakuua, na nasikia mahali pote pazuri pa kula pamefungwa. Nenda Skegness, ni karibu na basi lake ni moja kwa moja. Kama ni chipsi, chipsi ni chipsi. Viazi vyote vinatoka mashamba ya hapa kwetu.

Tena mwanamke wa umri wako kwenda kunusanusa mji wa mwanamume aliyemwacha, haipendezi. Yaliyopita yamepita. Tumeishi vizuri wewe na mimi tangu Roy wangu afariki nikarudi nyumbani. Kwa nini uyachokonoe?

Nenda Skegness, Avis. Au rudi, nimeweka bega la kondoo kwenye barafu kwa ajili ya Jumapili ijayo.

Dada yako,
Thelma


Filey
Jumanne, 14 Mei 2019

Thelma,

Mwandiko utauvumilia. Naandikia gotini.

Nilifika saa sita. Chumba ni kizuri, kina birika na biskuti mbili. Nikateremka moja kwa moja kununua samaki na chipsi. Yule msichana wa dukani akaniuliza, "Siki?" Nikamwambia mimina mpaka nikwambie basi, na sikumwambia basi. Nikapanda kwenye bustani za juu, zile zinazotazama bahari, kuna mabenchi yamepangwa pale mengi tu. Nikachagua lililokuwa tupu, nikaupa upepo mgongo, nikala. Nilikuwa na furaha, Thelma. Nataka ujue kwamba nilikuwa na furaha.

Shakwe akanirukia akaiba kipande cha samaki, nikageuka kumfukuza, na ndipo nikakiona kibao cha kumbukumbu kwenye egemeo la benchi. Unavijua vibao hivi, kila benchi la nchi hii lina maiti wake. Mimi hupenda kuvisoma. Hiki ni cha shaba, kimesuguliwa kinang'aa. Kimeandikwa hivi:

AVIS SCRIMSHAW
1953 – 1979
ALIPENDA CHIPSI ZAKE ZIOGELEE SIKI
L.C.

Unajua nilifanya nini? Nilisimama nikaomba radhi. Kwa sauti. Mwanamke mwenye mbwa alinitazama. Sijui nilimwomba nani radhi, labda marehemu, kwa kumkalia.

Halafu nikakaa tena palepale, maana hapakuwa na pengine. Nimekaa juu ya kaburi langu na karatasi ya chipsi mapajani. Chipsi zimepoa na bado nikazila zote, sikujua nifanye nini kingine.

Ni Lionel, nani mwingine? Ni yeye tu aliyekuwa akinitania kuhusu siki. Thelma, Lionel anaamini nilikufa. Miaka yote hii nimeamini aliniacha, kumbe yeye anaamini nimekufa. Amelitoa wapi hilo? Mwaka ule tulimzika Shangazi Avis, ndiyo, yule niliyepewa jina lake, wiki moja kabla ya Pasaka. Lakini Shangazi alikuwa mzee wa miaka sabini, hana jino hata moja, hawezi kuchanganywa na mimi na mtu aliyenijua.

Kuna mtu alimwambia. Wewe ulikuwa nyumbani wakati ule, hujaolewa bado. Hebu jikaze ukumbuke, alikuja mtu yeyote kuniulizia? Ililetwa barua yoyote?

Nakaa hapa mpaka nielewe. Sithubutu kuulizia anakoishi. Nitaanzaje? "Habari, mimi ndiye yule marehemu"? Niandikie upesi.

Avis


Newark
Alhamisi, 16 Mei 2019

Mpendwa Avis,

Barua yako imenishtua na imenisikitisha, lakini zaidi imenishtua kwamba mwanamke mwenye akili zako ameshikwa na jambo dogo hivi.

Ina Avis wangapi nchi hii? Na L.C. inaweza kuwa mtu yeyote, Leonard, Leslie, hata mwanamke. Hakuna mtu aliyekuja, hakuna barua iliyoletwa. Ningekumbuka. Mimi sisahau kitu.

Nakusihi usikae kwenye hilo benchi. Watu watadhani una wazimu. Panda basi urudi, goti langu limevimba na siwezi kupandisha kikapu cha nguo ngazini. Nilimtunza Roy kwa miaka, sasa ni zamu yangu kutunzwa kidogo, si ndivyo ilivyo?

Nyama ya kondoo nimeshaitoa kwenye barafu. Itaharibika.

Thelma


Filey
Ijumaa, 17 Mei 2019

Kwa Bi. Thelma Scrimshaw, kama bado unatumia jina hilo,

Samahani sana kukusumbua baada ya muda mrefu hivi. Natumia anwani ya zamani, na kama umehama, basi naomba radhi kwa yeyote atakayefungua barua hii.

Huenda hunikumbuki. Mwaka 1979 nilikuja Newark kumwona mdogo wako Avis. Nilikuwa nimemwahidi Pasaka, lakini nilipata nafasi wiki moja kabla nikaona nimshangaze. Nilipotokeza kwenye mtaa wenu, gari la jeneza lilikuwa mlangoni kwenu, na kwenye kioo cha ubavuni maua meupe yamepangwa herufi kubwa: AVIS. Mapazia yote ya nyumba yalikuwa yamefungwa. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikavua kofia mpaka gari likaondoka. Nilitaka kuja mlangoni, ila mlikuwa kwenye msiba na mimi si mtu wa familia. Sikutaka kuwasumbua. Nikarudi Filey kwa basi la jioni na kuwatumia kadi ya rambirambi.

Nawe ulinijibu, jambo ambalo nimekushukuru maisha yangu yote. Uliniandikia kwamba alikwenda bila maumivu, na kwamba nisijitaabishe kuja. Barua ile ninayo bado.

Niliendesha duka la chipsi hapa mpaka nilipostaafu. Nilioa mwanamke mwema, Hazel, aliyefariki miaka sita iliyopita. Yeye ndiye aliyeniambia niache kumbeba Avis kifuani, nimtafutie mahali pa kukaa. Ndipo nikaweka benchi. Sikuwataarifu, kwa kuogopa kuwatonesha kidonda.

Sasa sababu ya kuandika. Tangu Jumanne kuna mwanamke anakalia benchi lile kila siku na chipsi zake. Mimi hunywa chai kwenye mkahawa ulio mkabala, namwona mgongo tu. Wenzake wote hapa huukwepa upepo, yeye anaupa mgongo. Bi. Thelma, mimi ni mtu wa akili timamu, lakini jana kikombe kiliniponyoka mkononi. Avis pekee ndiye aliyekuwa akikaa vile.

Je, mna ndugu anayefanana naye? Nimeshindwa kumwendea. Kila ninapojikaza anakuwa anakula, na si vizuri kumkatiza mtu akila.

Wako kwa heshima,
Lionel Cammish


Newark
Jumatatu, 20 Mei 2019

Bw. Cammish,

Asante kwa barua yako. Nimeguswa na habari za benchi.

Mwanamke unayemwona ni binamu yetu. Wanafanana, ndiyo, ni damu moja. Maskini ana matatizo ya akili, hana mtu, na amezoea kutangatanga peke yake kwa mabasi. Siku nyingine hujiita Avis. Ukimsikia akijiita hivyo usimjibu, utamzidishia ugonjwa. Nakuomba sana, kwa kumbukumbu ya marehemu, usimsogelee. Nimeshamwandikia arudi nyumbani, wiki hii hii ataondoka.

Tafadhali usiniandikie tena. Afya yangu si nzuri na mambo haya yananirudisha mbali.

Thelma Goodacre (zamani Scrimshaw)


Filey
Alhamisi, 23 Mei 2019

Thelma,

Ulimwandikia Lionel kwamba mimi ni mgonjwa wa akili, sina mtu, nisisogelewe. Umeishi nami miaka mingi lakini Lionel ulimjua kwa kadi moja na barua moja tu, ndiyo maana ulikosea. Mtu kama yule ukimwambia kuna mwanamke mgonjwa, hana mtu, amekaa kwenye upepo, hawezi kulala.

Jana alikuja na chai kwenye trei na kimkate cha skoni kilichokwisha kupakwa siagi. Alisimama pembeni akakohoa. Nikamsikia anasema, "Samahani sana kukukatiza, mama. Nimekuletea kitu cha moto. Nimeambiwa huna afya nzuri."

Nikamuuliza bila kugeuka, "Nani kakwambia?"

"Binamu yako. Bi. Thelma wa Newark."

Nikageuka. Nywele hana hata moja, Thelma, lakini masikio ni yaleyale. Nikamtazama, naye akanitazama, akaanza kutikisa kichwa polepole kana kwamba nimemuuliza kitu. Nikaitazama trei, nikamwambia, "Siki umesahau."

Chai yote ilimwagika kwenye viatu vyake. Akasema samahani. Akasema tena samahani. Nikamshika mkono nikamkalisha, na watu wa mkahawani wakatoka nje wakidhani mzee amepatwa na kiharusi.

Tumekaa pale mpaka jua likazama. Barua zako zote mbili alikuwa nazo mfukoni, ile ya juzi na ile ya 1979 iliyochakaa mikunjo. Nilizishika moja mkono huu na moja mkono huu. Mwandiko wako haujabadilika hata kidogo, ile herufi T yako bado ina mkia. "Alikwenda bila maumivu." Uliandika hivyo nikiwa juu chumbani. Siku ile ya mazishi, nyote mlipotoka, mimi ndiye niliyebaki kwa Mama, namlisha supu kwa kijiko nyuma ya mapazia. Lionel alikuwa chini, barabarani, kofia mkononi. Ni hatua chache tu, Thelma.

Nilimuuliza, "Kwa nini hukubisha hodi?" Akasema, "Mapazia yalikuwa yamefungwa, Avis. Sikutaka kuwasumbua." Nikampiga kifuani na kile kiuma cha mbao cha kulia chipsi, kikavunjika. Nina hasira naye, usidhani sina. Na nina hasira na nafsi yangu. Mama alinifundisha msichana hamwandikii mvulana asiyetokea, nikasikiliza, nikangoja kama mjinga. Sote tuna adabu nzuri mno.

Lakini yeye alikosea na mimi nilikosea. Wewe hukukosea. Kadi yake ilipofika ulijua papo hapo alichodhani, na neno moja lingetosha. Harusi yako ilikuwa Juni. Roy alikuwa ameshapata kazi Leicester. Mama alikuwa kitandani na mmoja wetu ilibidi abaki, nawe ukachagua ni nani. Niliosha kile kitanda miaka kumi na tisa. Kila Krismasi ulikuja na sanduku la chokoleti ukaniambia, "Sijui ungefanya nini bila Mama, Avis, angalau una wa kukuliwaza." Nilikuwa nakushukuru.

Usiniulize kama tutaoana. Hatujui. Lionel ana tumbo baya na siki haruhusiwi. Nimekodi chumba kwa mwezi. Leo tulikwenda kula mchana, na mhudumu aliponiuliza, "Wawili?" nilitazama nyuma yangu kwanza, Lionel ndiye akajibu.

Alitaka kwenda manispaa kuomba kibao kiondolewe, anaona aibu. Nimemkataza. Kilichoandikwa pale ni kweli. Yule msichana alikufa kweli, mwaka ule ule, na ni Lionel peke yake aliyemlilia. Mimi mwenyewe sikujua kuna msiba. Wewe ulipokea rambirambi za kifo changu ukashukuru, lakini mimi mpaka leo hakuna aliyenipa pole.

Kwa hiyo usiniandikie. Barua zako nimezisoma za kutosha. Kadi ya basi unayo, na goti lako lilikuwa zima siku uliyotembea mpaka posta kumwandikia Lionel. Saa tatu na nusu panda la Lincoln, lala, kesho yake panda la Hull, uliza njiani, watu watakuelekeza. Mimi niko benchini kila siku baada ya saa sita, wala hutapotea, jina langu limeandikwa.

Njoo unipe pole kwa mdomo wako. Na ukifika, Thelma, usisimame ng'ambo ya barabara.

Avis